SOMO LA MWEZI: Orodha Moja ya Dawa kwa Mgonjwa wa Ini



Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo wengi wetu tumedhani ni kazi ya daktari peke yake. Tutaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika nyumbani, mezani, na anayeifanya ni mke wa mgonjwa, au mwanawe, au jirani. Kila kikundi kinaweza kusaidia, hata kama hakuna hata mmoja wenu aliyesomea udaktari. Mnachohitaji ni daftari, biro, na macho ya mweka hazina mzuri.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili, kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza kwa nini mgonjwa wa ini huumizwa upesi na dawa zisizolingana na maandishi.
2. Kutaja aina tano za makosa yanayoingia kati ya karatasi ya hospitali na mfuko wa dawa nyumbani.
3. Kuandika orodha moja ya dawa na kuilinganisha kila inapobidi.

KISA: MZEE ALIYEDHANIWA AMERUDIA POMBE

Kisa hiki tunakijua vizuri kwa sababu na sisi tuna kosa ndani yake. Jina la mzee hatulitaji, wala kijiji, wala hospitali.

Mzee huyu alikuwa na ugonjwa wa ini wa muda mrefu. Ini lilikuwa limejaa makovu, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba. Alikuwa amekunywa pombe miaka mingi, kisha akaiacha kabisa. Siku moja tumbo lilizidi, akalazwa. Baada ya siku kumi alirudishwa nyumbani na karatasi ya hospitali yenye dawa nne: furosemidi na spironolaktoni za kupunguza maji, propranololi ya kuzuia mishipa ya ndani isipasuke na kutoa damu, na laktulosi, ile dawa ya majimaji tamu.

Nyumbani kulikuwa na daftari la zamani la kliniki. Humo mwaka uliotangulia mtu aliandika: Lasix, kidonge 1 x 2. Mama alikuwa bado na pakiti mbili za Lasix kabatini. Aliona karatasi mpya, akaona daftari la zamani, akafikiri: zote zimeandikwa na daktari, basi zote ni za kunywa. Hakujua kwamba Lasix na furosemidi ni dawa ileile, jina la kampuni na jina la dawa yenyewe. Mzee aliandikiwa kidonge kimoja kwa siku. Akawa anameza vitatu.

Kijana wao alipokwenda kemisti, propranololi haikuwepo. Aliambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu hakukuwa na pesa ya nauli, na jambo hilo halikuandikwa popote. Laktulosi nayo ilimfanya mzee aende choo mara tatu kwa siku. Mama akasema dawa hii inamharisha, akaifungia. Mwisho, mgongo ulimuuma, jirani akamletea vidonge vya diklofenaki kutoka dukani.

Sisi tulimtembelea mara mbili katika siku hizo. Tuliuliza, “Mzee anakunywa dawa zake?” Mama akajibu, “Anakunywa vizuri sana.” Tukaweka alama kwenye fomu yetu: dawa, sawa. Tukanywa chai, tukaenda zetu. Hatukuomba kuona hata pakiti moja.

Siku ya tisa mzee alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Mchana analala, usiku anazunguka nyumba. Mkojo ukawa kidogo sana. Majirani walisema amerudia chang'aa. Wengine wakasema amerogwa. Mama alilia kwa aibu, kwa sababu alijua mume wake hakuwa ameonja kitu.

Walipofika hospitali, ofisa wa kliniki kijana aliuliza swali ambalo sisi hatukuuliza. “Mama, naomba unionyeshe dawa zote zilizoko nyumbani.” Kwa bahati mama alikuwa amezibeba zote ndani ya kiondo. Akazimwaga kitandani.

“Hizi zote anakunywa nani, mama?”

“Ni mzee, mwanangu. Si mliandika nyinyi?”

Kijana huyo hakumkemea. Alizipanga pakiti moja moja kando ya karatasi, na kila mtu aliyekuwa hapo akaona. Dawa moja ilinywewa mara tatu ya kipimo. Ya pili haikununuliwa. Ya tatu ilisimamishwa bila daktari kujua. Ya nne ilinywewa bila kuandikwa popote. Mzee alitibiwa, akarudiwa na akili zake, akarudi nyumbani baada ya wiki mbili. Ini lake halikupona, lakini aliweza kukaa tena na wajukuu wake na kuwaita kwa majina.

MASWALI YA KWANZA (jadilini wawili wawili kabla ya kuendelea)
- Je, mama alikuwa mzembe? Alikosa nini?
- Wageni waliomtembelea walikosea wapi?
- Katika kijiji chetu, kisa kama hiki kingeweza kutokea kwa nani?

KWA NINI INI?

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ni kama jikoni na mahali pa kusafishia, pamoja. Dawa nyingi tunazomeza hupita hapo, zikavunjwavunjwa ili zitoke mwilini. Ini likiwa na makovu, kazi hiyo hupungua. Dawa hukaa mwilini kwa muda mrefu kuliko kawaida, na kipimo ambacho kwa jirani ni salama, kwa mgonjwa huyu kinaweza kuwa kingi mno.

Ugonjwa huu hauletwi na pombe peke yake, kwa hivyo tusimhukumu mgonjwa kabla ya kujua. Virusi vya homa ya ini aina ya B huharibu ini polepole kwa miaka. Hapa Kenya watoto walianza kupewa chanjo yake ndani ya chanjo ya pamoja mwaka 2001, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Kichocho cha tumbo, kinachojulikana sana Mwea na kando ya Ziwa Victoria, kinaweza kuacha makovu kwenye ini. Sumu ya kuvu kwenye mahindi pia ni adui wa ini. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kutokana na sumu hiyo na 125 wakafa.

Sasa turudi kwenye kisa, tuone kila kosa lilifanya nini.

Dawa za kupunguza maji zikizidi, mwili hukauka, chumvi za damu huvurugika, na figo huumia. Ndiyo maana mkojo ulipungua.

Laktulosi imewekwa makusudi ili mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Kwa njia hiyo uchafu ambao ini dhaifu limeshindwa kuuondoa hutoka, badala ya kupanda kichwani. Mama aliona dawa inafanya kazi yake, akadhani ni madhara. Hakuna aliyekuwa amemweleza. (Lakini choo kikizidi hapo na kuwa cha maji, mwite mhudumu wa afya, kwa sababu kukauka nako kunachanganya akili.)

Diklofenaki, pamoja na aibuprofeni na aspirini, zinaweza kuumiza figo za mgonjwa wa ini na kuleta damu tumboni. Na yeye alikuwa amekosa propranololi, dawa iliyokuwa inailinda mishipa hiyo.

MAKOSA MATANO YA MAANDISHI

1. Dawa moja, majina mawili. Lasix ni furosemidi. Aldactone ni spironolaktoni. Panadol ni parasetamoli, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu anaweza kumeza parasetamoli mara mbili bila kujua. Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa sugu wa ini, madaktari kwa kawaida humwekea kikomo cha gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, tena vikiachanishwa. Mgonjwa amuulize daktari wake kikomo chake ni kipi.

2. Dawa iliyoandikwa lakini haipo. Haikupatikana, au pesa zilikwisha, au ilisahauliwa wakati wa kunakili. Daktari akiona karatasi anafikiri mgonjwa anaitumia. Asipopata nafuu, anaweza kumwongezea dawa nyingine bure.

3. Dawa iliyosimamishwa lakini bado inanywewa. Hospitali imebadilisha, lakini daftari la zamani halijafutwa na pakiti ya zamani haijatolewa kabatini.

4. Kipimo au saa kusomwa vibaya. Hili ni letu sisi watu wa Kiswahili. Mhudumu anaandika “8 na 2”, akimaanisha saa za Kizungu. Mgonjwa anasoma saa nane na saa mbili. Dawa ya maji iliyotakiwa saa mbili asubuhi na saa nane mchana inanywewa saa nane mchana na saa mbili usiku. Usiku kucha ni safari za choo, na baada ya siku tatu mgonjwa anaiacha. Tena “1 x 2” maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Wako wanaosoma vidonge viwili mara moja.

5. Dawa isiyoandikwa popote. Hapa kuna za dukani, za usingizi, mitishamba, na zile ambazo mtu anazificha. Dawa za usingizi kama diazepamu zinaweza kumchanganya akili mgonjwa wa ini. Mitishamba mingine huumiza ini, na ni vigumu kujua kipimo chake. Dawa za kifua kikuu kama isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zinaweza kuligusa ini, kwa hivyo mgonjwa huyu akizitumia lazima afuatiliwe kwa karibu. Asiziache mwenyewe.

Kuhusu zinazofichwa, tuseme wazi. Mtu anaweza kunywa ARV bila nyumba kujua. Kati ya ARV, tenofoviri na lamivudini hupigana pia na virusi vya homa ya ini B. Mwenye maambukizi yote mawili akibadilishiwa au akiacha dawa hizo ghafula bila daktari kujua habari za ini, homa ya ini inaweza kuamka kwa nguvu. Kwa hivyo mgonjwa ana haki ya kuficha kwa majirani, lakini kwa anayemtibu asifiche.

TUNAJUA TAYARI KULINGANISHA

Hebu fikirini. Mwisho wa mwezi mweka hazina anafungua daftari la fedha. Anaweka kando kitabu cha benki na stakabadhi. Je, anauliza tu, “Pesa ziko sawa?” na mkajibu “Ziko sawa”, mkafunga mkutano? Hapana! Mnahesabu. Daftari likisema kitu kimoja na benki ikisema kingine, hamtoki hapo mpaka mjue shilingi imekwenda wapi.

Dawa za mgonjwa ni vivyo hivyo. Karatasi ya hospitali ni hesabu moja. Daftari la kliniki ni ya pili. Mfuko wa dawa nyumbani ni ya tatu. Kinywa cha mgonjwa, yaani anachomeza kweli, ni ya nne. Zote nne zisipolingana, kuna hasara mahali fulani, na hasara hiyo ni uhai wa mtu.

Jambo hili si la kijiji chetu tu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwito wa dunia nzima wa kutumia dawa bila madhara. Likataja hatari tatu kubwa: dawa na hali zenye hatari zaidi, mtu kutumia dawa nyingi kwa pamoja, na mgonjwa kuhamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mgonjwa wa ini anayetoka hospitali anakutana na zote tatu kwa siku moja.

HATUA SITA

Hatua ya 1: Kusanya. Omba ruhusa ya mgonjwa. Kisha dawa zote za nyumbani ziwekwe mezani: za kabatini, za chini ya mto, za kwenye mkoba, sindano, majimaji, mitishamba. Usitupe kitu.

Hatua ya 2: Andika. Pigeni mistari kwenye ukurasa mpya wa daftari: jina la dawa, nguvu yake (miligramu), vidonge vingapi, saa ngapi, ni ya kazi gani, nani aliiandika na tarehe. Jina linakiliwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pakiti. Saa ziandikwe kwa maneno: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku.

Hatua ya 3: Uliza kwa upole. Usiseme, “Unakunywa dawa?” Kila mtu atajibu ndiyo. Sema, “Mzee, hebu tuonyeshe jana asubuhi ulikunywa zipi.” Kisha, “Ni ipi inayokusumbua?” na “Ni ipi iliyokwisha?”

Hatua ya 4: Linganisha. Weka alama ya kuuliza (?) kando ya kila kisicholingana. Hapa ndipo kazi ya kikundi inapoishia. Sisi hatuandiki dawa, hatusimamishi dawa, hatubadilishi kipimo. Tunaona tofauti na tunaipeleka kwa anayehusika.

Hatua ya 5: Peleka upesi. Nendeni na daftari pamoja na mfuko wote kwenye zahanati, au mpigieni mhudumu wa afya wa jamii. Msingoje tarehe ya kliniki kama dawa imezidi au imekosekana. Akiamua, aandike mwenyewe uamuzi wake, tarehe na sahihi.

Hatua ya 6: Safisha orodha. Dawa iliyosimamishwa ikatwe kwa mstari mmoja, na kando yake iandikwe “imesimamishwa” na tarehe. Msifute kwa wino mpaka isisomeke, kwa sababu daktari wa kesho atataka kujua ilikuwa nini. Pakiti za zamani zirudishwe kemisti au hospitali, zisikae kabatini.

Orodha irudiwe nyakati hizi: mgonjwa akitoka hospitali, akitoka kliniki, akinunua kitu chochote dukani, na mara moja kila mwezi hata kama hakuna kilichobadilika. Na kabla ya kununua dawa yoyote, mgonjwa amwambie mwenye kemisti, “Mimi nina ugonjwa wa ini. Orodha yangu hii hapa.”

SIRI

Daftari la dawa ni mali ya mgonjwa. Halisomwi mkutanoni. Halikai kwa mwenyekiti. Watu wawili tu wachaguliwe, ambao mgonjwa mwenyewe amewakubali. Kikundi kikivunja siri mara moja, hakuna atakayemwaga mfuko wake mezani tena.

DALILI ZISIZONGOJA KIKAO

Mpelekeni mgonjwa hospitali siku hiyohiyo, pamoja na mfuko wake wa dawa, mkiona:
- anatapika damu, au choo ni cheusi kama lami;
- anachanganyikiwa, anasema ovyo, au analala kupita kawaida;
- mkojo umepungua sana;
- ana homa, au tumbo lililojaa maji linamuuma;
- macho yanazidi kuwa manjano.

Tena, mgonjwa wa dawa za maji apimwe uzito kila asubuhi ikiwezekana, kwa mizani ileile. Kama miguu haijavimba na bado anapungua zaidi ya nusu kilo kwa siku, mhudumu wa afya aelezwe.

ZOEZI LA KIKUNDI

Karatasi ya hospitali inasema: spironolaktoni 100, kidonge 1 asubuhi, furosemidi 40, kidonge 1 asubuhi, propranololi 40, nusu kidonge mara mbili kwa siku.

Kwenye mfuko tumekuta: Aldactone 100, Lasix 40, Panadol 500, vidonge vya mafua, na unga wa mizizi ndani ya karatasi.

Gawanyikeni watu watano watano. Tofauti ni ngapi? Kila moja mtaiuliza kwa nani?

Jibu: tofauti ni nne. Aldactone na Lasix ziko sawa, ni majina tu. Lakini propranololi haipo. Panadol haikuandikwa. Dawa ya mafua haikuandikwa, na huenda ina parasetamoli juu ya ile ya Panadol. Unga wa mizizi haukuandikwa. Kikundi kilichosema Lasix ni kosa kirudie aina ya kwanza ya makosa.

Baada ya zoezi, watu watatu waigize: mama, mzee na mgeni. Mara ya kwanza mgeni aulize, “Dawa anakunywa?” Mara ya pili aulize, “Naomba unionyeshe.” Wengine watazame, kisha waseme wameona tofauti gani.

KAZI YA MWEZI

Kila kikundi kimtafute mgonjwa mmoja tu wa ugonjwa wa muda mrefu, wa ini au mwingine, anayekubali kusaidiwa. Fuateni hatua sita. Mtakapokutana tena, msitaje jina lake. Semeni tu: tulikuta tofauti ngapi, tulizipeleka wapi, tulijibiwa nini.

Sisi wenyewe tumebadilisha fomu yetu ya kutembelea wagonjwa. Pale palipokuwa na kisanduku cha “dawa, sawa”, sasa pana mistari kumi mitupu ya kuandika tulichokiona kwa macho. Mama wa kile kisa ndiye aliyetuambia tufanye hivyo. Alisema, “Mlikuja kwangu mara mbili, mkaniamini. Mngeniuliza, ningewaonyesha.”